Shajara ya mradi wa maganda: mti wa jangwani na miti yetu ya Lubumbashi

14 Mei

Mvua zimekwisha, na kikao cha kwanza cha mradi kimefanyika leo kwenye uwanja wa nyumba ya mwanachama mmoja hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Ajenda ilikuwa moja tu. Mwenzetu mwenye ndugu Mombasa amependekeza tuletewe mbegu za meskite, mti wa jangwani ambao, kwa maelezo aliyopewa, unastahimili ukame kuliko mti wowote tunaoujua, unatoa makala (yaani mkaa) mazito, na unazaa maganda matamu yanayolisha mbuzi katika miezi ambayo majani mengine yote yamekauka. Ombi hilo halikutoka hewani. Mtu akitoka mjini kwa barabara ya Likasi au ya Kipushi anaona mwenyewe jinsi msitu wa miombo ulivyorudi nyuma, na jinsi magunia ya makala yanavyotoka mbali zaidi kila mwaka.

Hata hivyo, kikao kimeamua kwamba mbegu zisiagizwe kwanza. Tumejipa kiangazi hiki kuusoma mti huo, hasa namna wenyeji wa jangwa walivyoutumia kabla haujasafirishwa duniani, na mimi nimepewa jukumu la kuandika yatakayopatikana.

Meskite ni jamii ya miti ya mikunde yenye miiba, inayoota kuanzia kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko hadi Peru na Argentina. Kwa muda mrefu wataalamu wa mimea waliiweka yote katika jenasi ya Prosopis, lakini mwaka 2022 jenasi hiyo iligawanywa na meskite wengi wa Amerika wakahamishiwa Neltuma. Anayesoma orodha za zamani na za sasa atakuta mti uleule una majina mawili ya kitaalamu, kwa hiyo humu nitaandika meskite tu.

29 Mei

Suala la kwanza tulilolijadili ni maji, kwa sababu mti unaoishi jangwani lazima uwe unayapata mahali. Karibu na Tucson, katika jimbo la Arizona, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300. Hapa Lubumbashi tunapata takribani milimita 1,200, ingawa karibu zote huanguka kati ya Novemba na Machi. Meskite anatatua tatizo hilo kwa mizizi ya aina mbili: mingine hutambaa karibu na uso wa ardhi ili kunyonya mvua ndogo, na mmoja mkuu hushuka wima kutafuta maji ya chini. Katika mgodi wa wazi karibu na Tucson ilikutwa mizizi hai ya meskite kwenye kina cha mita 53, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 1963.

Baba mmoja kati yetu, mstaafu wa kariyeri, yaani migodi ya wazi, za shaba, aliposikia takwimu hiyo alihesabu kwa vidole na kusema hizo ni kama ngazi tano za kariyeri. Sisi wengine tulistaajabu; yeye alikunja uso. Alituuliza visima vya mtaa wetu vina kina gani, na kila mtu alijua jibu, kwamba havifiki hata nusu ya hapo. Mti wa namna hiyo, alisema, utakunywa maji ya kisima kabla ya mwenye kisima. Ni kweli kwamba mita 53 ni kisa cha pekee na meskite wengi hawafiki huko, lakini swali lake nimeliandika kama alivyoliuliza, kwa kuwa litarudi tutakapofika kwenye uamuzi.

12 Juni

Leo nimekamilisha sehemu ya maganda, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa mradi mzima.

Kwa watu wa jangwa la Sonora, yaani Tohono O'odham, Akimel O'odham, Waseri wa pwani na majirani zao, na kwa Wacahuilla wa upande wa California, ganda la meskite lilikuwa chakula cha msingi kwa karne nyingi. Ganda lililoiva lina urefu wa sentimita 10 hadi 20, rangi yake ni ya majani makavu, wakati mwingine lina michirizi myekundu, na utamu wake haumo katika mbegu bali katika nyama ya unga iliyo kati ya ngozi na mbegu. Waseri walitofautisha hatua nane za ukuaji wa ganda, kila moja na jina lake. Jambo hilo halitamshangaza mkulima wa huku, ambaye naye hawezi kuliita hindi bichi na hindi kavu kitu kimoja.

Uchumaji ulifuata kanuni ambazo nadhani zinatufaa moja kwa moja. Maganda yalichumwa yakiwa bado mtini, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, kabla mvua za majira ya joto ya huko hazijaanza. Ganda lililoiva huachia tawi kwa kuguswa tu, linalong'ang'ania huachwa. Tena utamu hutofautiana sana kati ya mti na mti, hata miti iliyosimama pamoja, kwa hiyo mchumaji huonja kwanza, na familia zilikumbuka miti yao mizuri na kuirudia mwaka baada ya mwaka.

Baada ya kuchumwa, maganda yalikaushwa vizuri juani au kwa moto. Hatua hii si ya hiari, kwa sababu sukari ya ganda huvuta unyevu wa hewani, na ganda lenye unyevu halitwangiki, hugeuka ulimbo unaoshika mchi. Moto ulikuwa na faida ya pili: uliua vijidudu vya fukusi wanaotaga mayai ndani ya maganda. Wengine hawakujali fukusi na waliwatwanga pamoja na unga. Sisi tunaokula viwavi wa msituni kwa furaha hatuna haki ya kukunja pua.

Vinu vilichongwa kutoka kwenye magogo, mara nyingine ya meskite mwenyewe, vikazikwa kiasi ardhini ili visiyumbe, na mchi ulikuwa wa mti mrefu au wa jiwe. Unga ulichekechwa. Mbegu, ambazo zimefungwa ndani ya vifuko vigumu kama mfupa, zilibaki juu ya chekeche, zikatupwa au zikarudishwa kinuni na wenye subira. Unga ulionyunyiziwa maji tabaka kwa tabaka uliganda ukawa mkate mgumu usiohitaji kuokwa, ambao ulikaa muda mrefu bila kuharibika na kukatwa vipande kwa ajili ya safari. Yaliyobaki yalilowekwa, yakakamuliwa kwa mikono, na maji yake matamu yakanywewa. Kusini mwa bara hilo kuna ndugu za vyakula hivyo: Argentina wana mkate uitwao patay na kinywaji kilichochachushwa kiitwacho aloja, na kaskazini mwa Peru maganda huchemshwa hadi yawe shira nyeusi inayouzwa hadi leo kwa jina la algarrobina.

Akina mama wa kikundi walipendezwa zaidi na kinywaji. Mmoja alieleza kwamba munkoyo wetu unahitaji uji wa mahindi, mizizi iliyopondwa, na usiku wa kusubiri ndipo utamu utoke, lakini hawa wa jangwani utamu wanaupata ndani ya ganda bila kusubiri chochote. Tumekubaliana kwamba jaribio la kinywaji lifanywe iwapo tutapata ganda linalofaa.

Kuhusu lishe, niseme machache. Protini imo zaidi ndani ya mbegu, na nyama ya ganda ina sukari nyingi. Lakini mbegu pia ina gamu inayochelewesha sukari kuingia katika damu, na ndiyo sababu mojawapo Arizona kuna watu wanaojitahidi kuurudisha unga huo mezani kwa jamii za O'odham, ambako kisukari kimeenea tangu vyakula vya zamani vilipoachwa.

20 Juni

Matumizi mengine ya meskite, kwa ufupi. Utomvu wake mweupe ulitafunwa kama pipi. Ule mweusi ulichemshwa ukawa rangi ya kuchorea vyungu, au ulichanganywa na tope na kupakwa nywele ili ziwe nyeusi na chawa wafe. Magome ya ndani yalipondwa hadi yakalainika, yakatumika kwa mavazi na kwa kuwafunika watoto wachanga. Mizizi ilisokotwa kamba. Majani yalitengenezewa dawa ya macho. Maua yaliliwa, na nyuki huyapenda sana. Mti mkavu ni kuni na makala ya hali ya juu, na jimbo la Sonora bado linachoma makala ya meskite na kuyauza Marekani.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaamsha vijana wa kikundi, na mazungumzo yote ya jioni yakahamia kwenye bei ya gunia. Nawaelewa, lakini mradi huu haukuanzishwa kwa ajili ya makala peke yake.

8 Julai

Baridi ni kali asubuhi. Tumetumia kikao cha leo kusikiliza yaliyotokea Kenya, na hapa namaanisha Kenya nchi, si Kenya mtaa wa hapa Lubumbashi.

Mojawapo ya meskite hao uliingizwa Kenya mwaka 1973 ili kufunika ardhi ya machimbo ya mawe karibu na Mombasa. Kazi hiyo uliifanya, na kwa mtu wa Lubumbashi anayetazama udongo mtupu ulioachwa na viwanda vya shaba, habari hiyo inavutia mno. Katika miaka ya 1980 ukapandwa pia Baringo na maeneo mengine makavu, kwa nia njema ya kuwapatia wafugaji kuni. Wakenya wanauita mathenge. Mbuzi na ng'ombe walikula maganda, wakazisambaza mbegu kwa kinyesi chao, na mbegu iliyopita tumboni mwa mnyama huota kwa urahisi zaidi kuliko ile iliyookotwa chini ya mti. Vichaka vilifunga malisho, njia na kingo za maji. Kuukata hakusaidii, kwa sababu una machipukizi yaliyolala chini ya uso wa ardhi, na shina moja likikatwa hutoa mengi. Sukari ya maganda iliharibu meno ya mbuzi waliokosa kitu kingine cha kula. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akawa sehemu ya ushahidi wao. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Tulimpigia simu ndugu wa Mombasa. Hakuyakana hayo, ila alieleza jambo ambalo sikuliona kwenye maandishi: kwamba watu hawauchukii mti wenyewe kwa jumla, wanauchukia pale ulipo mahali pasipopangwa. Anayechoma makala yake anaushukuru. Anayechunga mbuzi anaulaani. Na mara nyingi hao wawili ni wa nyumba moja.

21 Julai

Uamuzi umepigiwa kura, na mbegu za meskite hazitaletwa Lubumbashi. Mstaafu wetu wa kariyeri alirudia swali lake la visima. Mimi niliongeza kwamba jangwani meskite anazuiwa na uhaba wa maji, ilhali hapa tungempa mvua mara nne ya ile ya kwao, mbuzi wanaozurura mitaani, na ardhi iliyokwisha kufyekwa isiyo na mshindani. Waliopinga walikuwa vijana wawili, na hoja yao kwamba makala lazima yatoke mahali fulani haijajibiwa na uamuzi huu. Nimeahidi kwamba itakuwa na kikao chake.

Tulichoamua kukichukua ni ufundi: kuchuma kabla ya mvua, kuonja mti kwa mti, kukausha kwa moto, kutwanga ganda zima, kuchekecha, na kutoacha mbegu nzima ifike tumboni mwa mnyama. Ufundi huo hauhitaji meskite. Unahitaji mti wenye maganda, na huo tunao.

10 Agosti

Mti tuliouchagua kuanza nao ni msegese, Piliostigma thonningii, ambao kila aliyelelewa karibu na msitu wa Katanga anaujua kwa majani yake yenye umbo la kwato. Maganda yake mapana, ya rangi ya kahawia, hukomaa wakati huu wa kiangazi na kubaki mtini muda mrefu. Mama mmoja aliyekulia upande wa Kasenga alituambia kwamba utotoni walitafuna majani yake ili kukata kiu njiani, na kwamba magome yake yalikuwa kamba ya kufungia mizigo. Nilipomuuliza kuhusu maganda, alinitazama kidogo kisha akasema, “Mwanangu, hicho si chakula cha kumpa mgeni. Ni chakula cha mbuzi na cha mwaka wa njaa.” Alikubali hata hivyo kutuongoza.

Tuliyatandaza maganda juu ya mabati hadi yakalia kama karatasi ngumu yakikunjwa. Kisha Mama aliyapitisha juu ya makaa, kidogo kidogo, akiyageuza kwa mkono mtupu, mpaka ngozi ikaanza kupasuka. Kinuni, ngozi haikuvunjika vipande bali ilichanika nyuzi nyuzi, na mchi ulipopanda ulitoa vumbi lililotufanya tupige chafya. Kilichopita kwenye chekeche kilikuwa unga mwororo, mwekundu-kahawia kama ugoro. Mbegu ndogo nyeusi zilibaki juu, pamoja na nyuzi nyingi kuliko tulivyotegemea. Kutoka kwenye gunia la maganda unga ulikuwa kidogo sana.

Ladha yake huanza kwa utamu mdogo, halafu ukakasi hukausha ulimi. Huo ni ukali wa tanini, na si ajabu katika mti ambao magome yake hutumika kulainishia ngozi na kutia rangi. Tulichanganya kiasi kidogo na unga wa mahindi tukapika uji. Watoto waliunywa ulipotiwa sukari, watu wazima waliumaliza kwa heshima. Katika bukari, yaani ugali, haukukubalika kabisa. Kinywaji hatukukijaribu, kwa sababu utamu hautoshi.

Mtu wa mashine ya kusaga mahindi alikataa maganda yetu, akisema nyuzi zitaziba chujio na wateja wake watalalamika kwamba unga wao umebadilika rangi. Yuko sahihi. Kwa kiasi kikubwa tutahitaji mashine ya nyundo iliyotengwa kwa lishe ya mifugo.

2 Septemba

Kwa chakula cha watu, hitimisho langu la muda ni kwamba msegese ni nyongeza na si mbadala. Kwa mbuzi hali ni tofauti. Wafugaji watatu wa Ruashi waliopewa unga mzito, yaani maganda yaliyopondwa pamoja na mbegu bila kuchekechwa, wanasema mbuzi wanaumaliza kabla ya pumba za mahindi. Mbegu zikiwa zimepondwa hazisambai, na protini yake haipotei. Mjini pumba zina bei na maganda bado hayana. Sidhani hali hiyo itadumu iwapo jirani ataona mbuzi wa mwenzake wamenenepa mwezi wa Septemba.

Ukwaju tuliununua sokoni kwa ajili ya kulinganisha. Sina la kueleza, kwani kila msomaji anaujua, isipokuwa kwamba katika mambo ya kinywaji umetushinda sote, mimi na meskite wangu wa kwenye karatasi.

19 Septemba

Hifadhi. Wavunaji wa Arizona wanahimizana kumaliza kuchuma kabla ya mvua kwa sababu ganda lililolowa hushikwa na ukungu, na aina mojawapo ya ukungu huo hutoa aflatoksini, sumu ileile inayotusumbua kwenye karanga na mahindi. Ganda lililoota ukungu haliponi kwa kukaangwa, kwa hiyo hutupwa. Zamani jamii za huko zilijenga vihenge vikubwa vya matawi yaliyosukwa, vikawekwa juu ya jukwaa au juu ya paa ili hewa ipite na panya wasifike kwa urahisi. Sisi tumefuata wazo hilo: magunia yote yameondolewa sakafuni na kuwekwa juu ya chanja nyuma ya nyumba, chini ya bati, mbali na ukuta. Yale yaliyokuwa na madoa meusi yamechomwa. Mmoja aliuliza kama hayangeweza kupewa mbuzi tu, na jibu ni hapana, kwa kuwa sumu hiyo humdhuru mnyama na inaweza kupita katika maziwa.

6 Oktoba

Joto limepanda na mawingu ya kwanza yameonekana. Vitalu vya mti wa pili vimeanza kutayarishwa. Huu ni Faidherbia albida, ambao jirani zetu wa Zambia wanauita musangu. Ni mti wa Afrika, wa maganda pia, ya rangi ya chungwa na yaliyojikunja, na tabia yake ni kinyume cha miti mingine: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo mahindi yaliyo chini yake hayakosi jua, majani yaliyoanguka yanarutubisha udongo, na maganda yanawaangukia mifugo katika miezi ya njaa. Zambia wakulima wanashauriwa kuupanda kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, yaani miti 100 kwa hekta. Ubaya wake ni subira: shamba halihisi faida yake mpaka mti upite miaka mingi, na mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kuupanda. Ndiyo maana tumewalenga kwanza wenye mashamba yao upande wa Kipushi.

Mbegu zake zina ngozi ngumu. Zitamwagiwa maji ya moto yaliyokwisha kutolewa jikoni, ziachwe humo hadi kesho yake, na zile zisizovimba zikwaruzwe kwa kisu upande usio na kiini. Viriba virefu ni lazima, kwa kuwa hata mti huu hushusha mzizi mkuu mapema, na kiriba kifupi huupinda. Miche itatoka kitaluni baada ya mvua kushika, si kwa mvua ya kwanza ya kudanganya. Zamu za kumwagilia zimepangwa hadi mwisho wa Oktoba. Za Novemba bado hazina watu, na orodha iko kwa mweka hazina kwa yeyote atakayejitolea. Kikao cha makala, ambacho vijana wamekidai mara ya pili, kitafanyika Jumamosi ijayo alasiri mahali pa kawaida.